Kanisa Lenye Masikio

Mwenye Biblia na afungue Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, tangu mstari wa 13 hata mwisho wa sura.

Habari hii twaijua sana. Musa ameketi kuwaamulia watu mambo yao, nao wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Yethro, mkwewe, aliyekuja kumtembelea, anatazama kazi hiyo kutwa nzima, kisha anamwambia wazi kwamba haifai. Itamchosha yeye, na watu pia itawachosha. Anamshauri achague watu waaminifu, awaweke juu ya makundi makubwa na madogo, hata kundi la watu kumi tu. Musa, yule aliyeitwa na Mungu katika kijiti kilichowaka moto, alikubali kushauriwa na mkwewe.

Tuangalie jambo moja hapa. Musa hakuwa mvivu, wala hakuwadharau watu. Alikuwa na masikio, lakini masikio mawili hayawezi kuwatosha maelfu ya watu. Aliyekuwa wa mwisho katika mstari alirudi hemani jioni na neno lake likiwa bado moyoni. Ndivyo ilivyo katika makanisa mengi leo. Mtu aweza kuketi katika benchi moja kwa miaka kumi, akaimba, akatoa sadaka, akapewa mkono mlangoni, wala asiwepo hata mmoja aliyemwuliza, "Mama, nyumbani kwako mwaendeleaje?" Na siku atakapoacha kuja, huenda miezi mingi ikapita kabla ya mtu kugundua kwamba mahali pake ni patupu.

Basi swali letu la leo ni hili: Kanisa likiwa kubwa, litamsikiaje mtu mmoja? Ili tupate kulijibu, twataka kutazama nyumba ya jirani, yaani parokia ya Kikatoliki. Huenda mwingine atauliza, "Sisi Waprotestanti tuna shughuli gani na mambo ya parokia?" Ndugu zetu, tofauti za mafundisho zipo, wala hatuzifichi. Lakini Wakatoliki ni majirani zetu. Twazikana pamoja, twasomesha watoto pamoja, na katika nyumba nyingi za Kenya baba mkwe ni wa huku na mama mkwe ni wa kule. Si vibaya kumtazama jirani akitengeneza ua wake, tukajifunza anapofaulu, tukajihadhari anapokwama.

Kwanza tuelewe parokia ni nini. Parokia ni sehemu ya nchi iliyowekwa chini ya padre mmoja, aitwaye paroko, naye huenda akawa na padre mmoja au wawili wa kumsaidia. Chini ya parokia mna vigango, yaani makanisa madogo yaliyo mbali, ambayo padre huyafikia kwa zamu. Jumapili nyingine katekista ndiye aongozaye ibada. Waumini wa parokia moja waweza kuwa maelfu. Hata paroko akiwa na moyo wa dhahabu, hawezi kujua ni nani aliyelala njaa jana. Ni tatizo lile lile la Musa.

Wakatoliki wa Afrika Mashariki walianza kulishughulikia tatizo hili kwa bidii baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika Roma tangu 1962 hata 1965. Mtaguso ule ulikaza kusema kwamba Kanisa ni taifa la Mungu, yaani watu wote waliobatizwa, wala si mapadre na maaskofu peke yao. Maaskofu wa sehemu zetu walikuwa wamekwisha kuunda umoja wao mwaka 1961, uitwao AMECEA, wenye makao yake Nairobi. Mwaka 1973 wakakutana Nairobi, wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa kazi yao ya kwanza, na mwaka 1979 wakakutana Zomba, Malawi, kupima limefika wapi. Vikundi hivyo ndivyo viitwavyo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo.

Hata hivyo jumuiya hazikutoka katika makaratasi ya mikutano tu. Kule Tanzania, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mwenyewe kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa, apate kujua Ukristo wa kushirikiana una maana gani shambani na jikoni. Na kule Mara Kaskazini, miongoni mwa Wajaluo wa Tanzania, uchunguzi ulifanywa katika miaka ya 1960 juu ya makanisa madogo ya Kiafrika yaliyojitenga na misheni. Ilionekana kwamba makanisa hayo yalikuwa na kitu ambacho misheni kubwa zilikikosa: mtu alijulikana kwa jina, akiugua alitembelewa, na alipokuwa na neno alilisema. Wamisionari wa Kikatoliki hawakuona haya kujifunza kwa makanisa hayo madogo. Nasi tusione haya.

Sasa jumuiya hufanyaje kazi? Ni jamaa kadhaa za mtaa mmoja, au kijiji kimoja, au ploti chache zilizo karibu. Huchagua jina la mtakatifu, huchagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, nao hukutana kila juma, aghalabu katika nyumba za wenyewe kwa zamu. Leo ni kwa mzee mwenye nyumba ya mawe, juma lijalo ni kwa mama wa chumba kimoja cha mabati. Jambo hili si dogo. Ukiisha kuketi juu ya kitanda cha mtu kwa sababu hana viti, umekwisha kusikia nusu ya habari zake kabla hajafungua kinywa. Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi walau jumuiya huingia chumbani.

Katika kusoma Neno, jumuiya nyingi hufuata njia ya hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya kwanza ni kumkaribisha Bwana kwa sala. Ya pili ni kusoma fungu la Injili. Ya tatu, kila mmoja hutaja neno au maneno machache yaliyomgusa, bila kuyahubiri. Ya nne, wote hunyamaza kimya. Ya tano, kila apendaye hueleza aliyoyasikia moyoni. Ya sita, huzungumza juu ya kazi: ni nani mgonjwa, ni nani amefiwa, ni mtoto gani amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na ni nani atakwenda kesho. Ya saba, huomba kila mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Twawaomba mwitazame sana ile hatua ya nne na ile ya sita. Kimya humpa nafasi mtu asiyejua kusema upesi. Katika kila kusanyiko wapo wenye ndimi nyepesi, ambao kabla swali halijaisha wamekwisha kulijibu. Na yupo mama mmoja karibu na mlango ambaye neno lake huhitaji muda kutoka. Pasipo na kimya, mama huyo hatasikika kamwe. Nayo hatua ya sita huzuia mkutano usiwe wa maneno matupu. Anayesikia kwamba jirani hana unga, kisha akafunga kwa sala na kwenda zake, huyo hakusikia. Yakobo aliliandika jambo hilo katika waraka wake, sura ya 2, wala hatuna haja ya kuliongeza.

Lakini kuna maneno yasiyoweza kumalizika katika jumuiya. Mathalani, watu wanaona kwamba michango imewalemea, au kwamba kigango chao hakipati ibada, au kwamba fedha za ujenzi hazijaelezwa. Maneno kama hayo hupelekwa na wajumbe kutoka jumuiya hadi kigango, na kutoka kigango hadi halmashauri ya parokia, ambako paroko huketi pamoja na walei. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kifungu cha 212, inatambua kwamba waumini wana haki, na pengine hata wajibu, kuwaeleza wachungaji wao yale wanayoyaona kuhusu manufaa ya Kanisa. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 536, yasema kwamba halmashauri ya parokia ina sauti ya kushauri tu. Neno la mwisho ni la paroko.

Hapo ndipo ua unapohitaji kutengenezwa, na Wakatoliki wenyewe wamelisema. Mwezi wa Oktoba 2021 Papa Francis alifungua Sinodi iliyoendelea hata Oktoba 2024. Haikuanza na maaskofu kuketi Roma. Ilianza kwa kuwauliza waumini wa parokia za dunia nzima: Je, mnatembea pamoja? Ni nani anayesikilizwa kwenu, na ni nani anayeachwa nyuma? Majibu yalikusanywa katika parokia, yakaenda kwa maaskofu wa kila nchi, kisha yakazungumzwa kwa kila bara. Mkutano wa Afrika ulifanyika Addis Ababa mwezi wa Machi 2023. Ndipo wakakutana Roma mwezi wa Oktoba 2023, na tena Oktoba 2024. Waliketi kuzunguka meza, kadinali na mama wa kawaida meza moja, na kwa mara ya kwanza wanawake walipiga kura katika mkutano wa namna hiyo.

Namna yao ya kuzungumza ilikuwa rahisi. Kwanza kila mmoja alisema kwa zamu, kwa muda ule ule, wala hakuna aliyemkatiza wala kumjibu. Wakanyamaza na kuomba. Kisha kila mmoja alisema, si mawazo yake tena, bali yale yaliyomgusa katika maneno ya wenzake. Wakanyamaza tena. Mwishowe wakatafuta kwa pamoja Roho anawaongoza wapi. Hebu fikirini kama kamati zetu za ujenzi zingekwenda hivyo!

Hati ya mwisho ya Sinodi hiyo, ambayo Papa Francis aliikubali mwezi huo wa Oktoba 2024 kabla hajafariki Aprili 2025, iliomba kwamba halmashauri za namna hiyo ziwe za lazima, na kwamba yale maneno ya sheria yasemayo waumini hushauri tu yaangaliwe upya. Yaani walitambua kwamba kusikiliza kuna safari mbili. Neno hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kisha jibu halina budi kushuka kutoka kwa mkubwa kurudi kwa mdogo. Jibu laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa hapana, laweza kuwa ngojeni kidogo. Lakini lisiporudi kabisa, watu huchoka kusema, na mwisho huchoka kuja.

Sasa tuseme na upungufu wa jumuiya, maana hatukuja kupamba. Wakatoliki wengi watakuambia kwamba mahali pengi jumuiya imegeuka kuwa mahali pa kukusanyia michango. Watakuambia kwamba wanaume huwa wachache, kazi ikaachiwa akina mama. Watakuambia kwamba wengine huonekana tu wanapotaka mtoto abatizwe au harusi ifungwe, kwa sababu parokia huuliza kwanza kama mtu anajulikana katika jumuiya yake. Jumuiya inayoulizwa habari za cheti tu haiwezi kuwa jamaa.

Tena liko jambo zito kuliko hayo. Mwezi wa Aprili 1994 maaskofu wa Kikatoliki walikutana Roma kwa Sinodi ya Afrika, wakachagua kuliita Kanisa jamaa ya Mungu. Siku zile zile, katika nchi ya Rwanda, Wakristo walikuwa wakiwaua Wakristo. Nyamata na Ntarama, watu waliokimbilia ndani ya makanisa ya Kikatoliki waliuawa humo humo. Na kule Mugonero, waliokimbilia kwa Waadventista waliuawa vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna dhehebu linaloweza kumnyoshea jirani kidole. Nasi hapa Kenya twakumbuka miezi iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu walioshiriki meza moja ya Bwana walijikuta kila mmoja upande wake. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Makanisa la Kenya lilitamka wazi kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande.

Kwa nini twayataja hayo katika mazungumzo juu ya kusikiliza? Kwa sababu watu waweza kuomba pamoja miaka mingi bila kuambiana ukweli hata siku moja. Hofu ya kabila, uchungu wa shamba, kisa cha babu aliyenyang'anywa: hayo yote hubaki chini ya nyimbo, yakichacha. Mficha maradhi, kilio humfichua. Jumuiya isiyoweza kusikia neno chungu wakati wa amani haitakuwa na neno la kusema wakati wa vita.

Wasikilizaji wapenzi, Mprotestanti asikiaye habari hizi huenda akasema, "Sisi hayo tunayo tangu zamani." Ni kweli tunayo. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol kule Uingereza, wafuasi wa John Wesley waligawanywa katika madarasa ya watu kama kumi na wawili. Shabaha ya kwanza ilikuwa kulipa deni la jengo, kila mtu peni moja kwa juma. Lakini viongozi walipozunguka nyumba hadi nyumba kuikusanya peni, waliona jinsi watu wanavyoishi kweli, na peni ikawa mlango wa kuchunga roho. Angalieni tofauti: kwao mchango uliwafikisha kwa mtu, kwa wengine leo mtu ni njia ya kuufikia mchango. Tunao pia ushirika wa Uamsho, uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukaingia Kenya, ambapo ndugu waliketi nuruni pamoja. Wapresbiteri wana wilaya zao na wazee wao wa kanisa. Waanglikana wana sinodi ambamo walei hupiga kura.

Vyombo tunavyo. Swali ni kama vingali vinasikia. Kura ni njema, lakini kura huhesabu mikono iliyoinuliwa. Yule aliyenyamaza kwa uchungu haihesabu. Tena twapenda sana kuwafundisha vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini je, mkuu asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini? Huvunjika kusanyiko.

Someni nyumbani Matendo ya Mitume, sura ya 6, mistari ya 1 hata 7. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likikua upesi, na wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaita wanung'unikaji waasi. Hawakusema kwamba mambo ya chakula si ya kiroho. Waliwakutanisha watu wote, wakawaachia kuchagua, na wote saba waliochaguliwa wana majina ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yaani kazi ilitiwa mikononi mwa watu wanaoijua lugha ya wale wajane. Luka anamaliza kwa kusema kwamba Neno la Mungu likaenea. Malalamiko yaliyosikilizwa yaligeuka kuwa mlango wa Injili.

Basi tufanye nini? Twapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fedha. Kwanza, juma hili kila kikundi cha nyumbani kiandike majina ya wale ambao hawajaonekana kwa mwezi mmoja, na wawili wawili waende kuwatembelea, si kuwakemea, wala si kudai ahadi, bali kuuliza hali na kunyamaza wapate kujibu. Pili, katika mkutano ujao wa kamati, mwenyekiti ampe kila mjumbe nafasi moja ya kusema kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Tatu, neno lolote litakalopelekwa kwa wazee lipewe siku ya kujibiwa, na jibu lisomwe mbele ya wale waliolileta, hata likiwa hapana. Nne, siri ya mtu iliyosemwa ndani ya kikundi ibaki ndani ya kikundi. Nyumba ambayo maneno hutoka kwa dirisha, hakuna atakayeingia kwa mlango.

Na wewe ndugu unayesikiliza peke yako, uliyeacha kwenda kanisani kwa sababu hakuna aliyekuuliza, twakuambia hivi: Bwana Yesu aliposongwa na umati mkubwa njiani, alisimama kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyegusa vazi lake, akangoja hata akaeleza kisa chake chote. Habari hiyo imo katika Marko, sura ya 5. Umati haukumzuia kumsikia mtu mmoja. Hata leo haumzuii.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyesikia kilio cha watu wako kule Misri, utupe masikio. Uwape wachungaji na mapadre, wazee na wenyeviti, saburi ya kungoja neno la mdogo. Umtie nguvu anayeogopa kusema. Utupatanishe na jirani tuliyeimba naye bila kumjua. Na mahali palipo patupu katika benchi zetu, utuonyeshe ni pa nani, utupeleke kwake. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.